Zamu ya usiku isikuharibie afya na nyumba

Bawabu mmoja wa makamo alinijia asubuhi akitoka zamuni moja kwa moja. Alitaka tembe za usingizi. Kwa miezi sita mfululizo alikuwa akilinda ghala kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Tumbo lilikuwa likimchoma, hasira zilikuwa karibu, na mkewe alikuwa amemwambia kwamba watoto sasa wanamwogopa. "Daktari, kazi hii niliipenda," alisema. "Siku hizi naichukia, na sijui ni kwa nini."

Msomaji, huenda nawe huingia kazini wenzako wakitoka: u muuguzi, askari, mfanyakazi wa kiwandani au dereva wa masafa marefu. Fahamu kwanza kwamba uchovu huo si uvivu.

Ndani ya ubongo mna saa inayoongozwa na nuru iingiayo machoni. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, joto la mwili hushuka na usingizi huja. Kukipambazuka, homoni hiyo hupungua. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka wa 2017 kwa kugundua jinsi saa hii inavyoendeshwa ndani ya chembe za mwili.

Afanyaye kazi usiku hushindana na saa hiyo. Usingizi wake wa mchana huwa mfupi na mwepesi, na chakula cha saa nane za usiku hulikuta tumbo limepumzika. Miaka ikipita, hatari ya ugonjwa wa kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Mwaka wa 2007, na tena 2019, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani.

Wingi wa saa nao una madhara yake. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya afanyaye saa 35 hadi 40. Bawabu wangu alikuwa akifanya saa 72.

Na nyumbani je? Baba analala watoto wakicheza, anatoka wakirudi shuleni. Mara nyingi kinachochukiza si kazi yenyewe, bali ni kukosa usemi juu ya saa zako.

Basi ufanye nini? Lala saa zile zile kila siku ya zamu. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito na uwaombe jamaa zako wakuachie utulivu. Acha chai na kahawa saa sita kabla ya kulala. Sinzia kidogo kabla ya kwenda kazini, wala usiendeshe gari au pikipiki ukiwa umelemewa na usingizi. Chagueni mlo mmoja ambao nyote mtakula pamoja, hata kama ni staftahi. Ikiwa una kifafa au unajidunga insulini, mwambie daktari wako kuhusu zamu zako.

Nawe mwajiri, tangaza ratiba mapema, na zamu zisonge mbele: asubuhi, alasiri, kisha usiku. Mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo kamili isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka.

Yule bawabu sikumpa tembe za usingizi. Nilimtibu tumbo, nikampa na barua ya kumpelekea msimamizi wake, nikiomba zamu zizunguke. Miezi mitatu baadaye alirudi, safari hii akimleta mwanawe aliyekuwa na kikohozi. Mtoto alikuwa amelala begani mwake.

Ikiwa umekosa usingizi kwa wiki tatu au zaidi, usijinunulie dawa dukani. Mwone daktari, na umweleze saa unazofanya kazi.