Kuwaumba Watu wa Hadithi Fupi

Mtu atakaye kuandika hadithi fupi hana haja ya kwenda mbali kutafuta watu wa kuwatia ndani yake. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Pumwani, Kaloleni, Makongeni na Jericho, watu wa kila namna huishi ukuta kwa ukuta. Lakini kuwaona watu ni kazi moja, na kuwaumba katika maandishi ni kazi nyingine.

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kumpa mtu jina la tabia yake. Marehemu Shaaban Robert aliifuata njia hii katika kitabu cha Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Adili ni mwadilifu, na ndugu zake Hasidi na Mwivu ni kama majina yao yasemavyo. Njia hii yafaa sana kwa hadithi ya mafundisho, ila mtu wa namna hiyo ni nadra kumshangaza msomaji.

Njia ya pili ni kuiacha tabia ijitokeze kwa vitendo. Katika Tumbo Lisiloshiba, hadithi ya Bwana Said Ahmed Mohamed iliyomo katika mkusanyo wa jina hilo uliotolewa mwaka 2016, Jitu laingia katika mkahawa wa mtaa wa maskini na kula chakula chote kilichomo. Msomaji hana haja ya kuambiwa kwamba lina tamaa. Vyungu vitupu vyatosha kuwa ushahidi.

Kwa mfano, mwandishi ataka kueleza habari za karani bahili wa Jericho. Asiseme, “Alikuwa bahili,” akapita. Na amwonyeshe katika soko la Burma akinunua robo ya nyama, kisha akiificha ndani ya gazeti majirani wasiione. Usiku wa manane jirani abisha hodi: mtoto wake ni mgonjwa sana, naye hana nauli ya kumpeleka hospitali. Akiba ya karani imo chini ya kitanda. Hapo ndipo tabia yake hupimwa. Akitoa fedha, yapasa msomaji awe ameona mapema dalili ndogo ya huruma, labda siku karani alipomtengenezea mtoto yule kigari cha waya. La sivyo, mabadiliko yake yataonekana ya uongo. Akikataa, mlango uliofungwa utasema zaidi ya kurasa tatu za lawama.

Katika kazi hii imo haki ya watu. Wakazi wa mitaa hiyo mara nyingi wametajwa kwa neno moja tu: mwizi, mlevi, mhuni. Mwandishi amwitaye mtu mwizi, asionyeshe kilichompeleka kuiba wala anachokionea haya, amemhukumu bila kumsikiliza.

Basi kila ashikaye kalamu na ajiulize kwanza: Mtu huyu ataka nini? Yu tayari kupoteza nini ili akipate? Ajuaye majibu hayo amekwisha ipata nusu ya hadithi yake.