Kompyuta Zinazogonganisha Nyota

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani na ule wa Virgo karibu na Pisa, Italia, ilikuwa kazini yalipopita mawimbi ya mvutano yaliyodumu yapata sekunde 100. Nyota mbili za nyutroni, zenye uzito wa jumla wa karibu mara 2.7 ya Jua, zilikuwa zimezungukana hadi zikagongana, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Mikono ya LIGO, yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja, ilirefuka na kufupika kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Mtikisiko mdogo kiasi hicho haujielezi. Hufahamika kwa kulinganishwa na maumbo ya mawimbi yaliyokokotolewa kabla, na ndiyo maana nashikilia kwamba mgongano unaoigwa ndani ya kompyuta ni kifaa cha kupimia, kama ilivyo darubini, wala si katuni ya kupambia habari.

Safari ndefu ya nyota kukaribiana hukokotolewa kwa fomula za kalamu na karatasi. Kompyuta huhitajika kwenye mizunguko ya mwisho, pale kila nyota inapovutwa na mwenzake hadi kupoteza uduara wake, na fomula zikagoma. Wajapani Masaru Shibata na Kōji Uryū walifungua njia mwaka 2000, walipoiga mgongano huo kwa milinganyo kamili ya Einstein. Anga hukatwa vipande, vile vya ndani kabisa vikiwa na upana wa mita mia moja au mbili. Kompyuta hutafuta msongamano, joto na mvutano wa kila kipande, husogeza wakati mbele kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha huanza upya. Milisekunde chache za mgongano huweza kula wiki kadhaa za kompyuta kuu.

Mwenye shaka atasema kompyuta hurudisha kile ilicholishwa, kwani hakuna maabara iliyowahi kushika mata iliyobanwa namna hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu wataalamu hawalishi dhana moja tu. Huiga mgongano uleule mara nyingi, kila mara kwa dhana tofauti ya jinsi mata inavyostahimili kubanwa. Mata ngumu hutoa nyota kubwa, inayonyumbuka zaidi na kugusana na mwenzake mapema. Mata laini hutoa nyota ndogo. Mawimbi ya 2017 yalizikataa dhana za nyota kubwa mno, yakaacha nusukipenyo cha kilomita 12 hivi. Mwanga nao ulitoa ushahidi. Li-Xin Li na Bohdan Paczyński walitabiri mwaka 1998 kwamba mabaki yanayorushwa yangewaka kwa siku kadhaa. Mahesabu ya baadaye yaliongeza kwamba elementi nzito zingeufanya mwanga huo uwe mwekundu. Darubini zilipoelekezwa kwenye galaksi ya NGC 4993, mgongano ulikotokea, ndivyo ilivyoonekana.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Wavu wa macho makubwa hupitisha dagaa, na vipande vya mita mia moja hupitisha misukosuko midogo ya usumaku, ambayo huenda ikaamua kama mabaki yataporomoka kuwa shimo jeusi mara moja au baadaye. Vipimo bado havijasaidia: mawimbi ya baada ya mgongano hutetema takriban mara 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde, ambako usikivu wa mitambo ni hafifu, na mwaka 2017 hayakupatikana. Basi umbo la mawimbi hadi nyota zinapogusana naliamini. Linalofuata nalisoma kama ubashiri unaosubiri mtambo bora.