Utawala wa Mungu na Chemchemi ya Furaha katika Zaburi: Maneno 'Tamalaki' na 'Hukumu' Masikioni mwa Waumini wa Kocholia

Utangulizi

Zaburi ni miongoni mwa matini za kishairi zinazosikika sana kwa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Husomwa na kuimbwa kila Jumapili, husindikiza maiti makaburini, na hukaririwa na watu ambao pengine hawajawahi kufungua diwani yoyote ya mashairi. Pamoja na hayo, ni nadra kuzikuta katika mihadhara yetu ya fasihi. Sababu inayotolewa aghalabu ni kwamba hizo ni tafsiri, na kwamba hazina vina wala mizani. Sababu hizo hazitoshi. Matini inayounda lugha ya ibada ya mamilioni ya wasemaji inastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa Kiswahili, awe Mkristo au asiwe.

Makala haya yanajihusisha na kundi moja dogo la Zaburi, yaani zile zinazomsifu Mungu kama mfalme anayetawala. Swali letu ni hili: kwa nini tangazo la utawala lizae furaha? Katika maisha ya kawaida, habari kwamba fulani ameshika madaraka haimfanyi kila mtu apige vigelegele. Wengine husubiri kwanza waone atakavyotawala. Hoja yetu ni kwamba jibu limo ndani ya maneno mawili ya Kiswahili, 'tamalaki' na 'hukumu'. Maana ya maneno haya ikifinywa, furaha ya Zaburi hubaki kuwa kelele isiyo na sababu. Tutaitazama hoja hiyo tukiwa na msikilizaji maalumu akilini: muumini wa Kocholia, katika eneo la Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, jirani na mji wa mpakani wa Malaba.

Zaburi za utawala

Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Gunkel, aliyeziainisha Zaburi kwa kufuata tanzu zake mwanzoni mwa karne ya 20, alibainisha kundi linalohusu Mungu kukikalia kiti cha enzi. Kwa kawaida kundi hilo hujumuisha Zaburi ya 47, ya 93, na ya 96 hadi ya 99. Wengine huongeza ya 95. (Hesabu tunayofuata ni ya Kiebrania, inayotumiwa katika Biblia zetu nyingi. Vitabu vya zamani vya liturujia ya Kikatoliki hufuata hesabu ya Kigiriki, ambapo Zaburi ya 96 huwa ya 95.)

Zaburi hizi si ngeni kwa waumini wa madhehebu yoyote makuu. Katika Kanisa Katoliki, Misa tatu za Krismasi, yaani ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, hutumia Zaburi ya 96, ya 97 na ya 98 kwa mfuatano. Zaburi ya 93 huimbwa katika sikukuu ya Kristo Mfalme, iliyoanzishwa na Papa Pius XI mwaka 1925, katika mwaka B wa mzunguko wa masomo. Waanglikana nao wamezoea kuianza sala ya asubuhi kwa Zaburi ya 95. Kwa hiyo Mkatoliki wa Dayosisi ya Bungoma na Mwanglikana wa Dayosisi ya Katakwa, ambao huenda wakawa majirani pale Kocholia, hukutana katika maneno yale yale.

Kitenzi 'tamalaki'

Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, tangazo linalofungua Zaburi ya 93, ya 97 na ya 99 limejengwa juu ya kitenzi kimoja: 'ametamalaki'. Kitenzi hiki kina asili ya Kiarabu, nacho ni ndugu wa maneno tunayoyatumia kila siku: milki, miliki, mamlaka, malkia. Jambo la kuvutia ni kwamba kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa hapo kimetokana na mzizi huo huo wa m-l-k, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jamii moja. Kwa njia hiyo, Mswahili anaposema 'ametamalaki', anatamka konsonanti zile zile zilizotamkwa na mwimbaji wa hekalu la Yerusalemu. Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Nia yake inaeleweka. Ila mfano huu unaonyesha kwamba neno la asili ya Kiarabu halimpeleki msomaji mbali na matini asilia wakati wote. Mara nyingine humsogeza karibu.

Jambo la pili linahusu kiambishi. Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana juu ya maana ya tangazo hilo. Mnorwe Sigmund Mowinckel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1922, alidai kwamba maana yake ni 'amekuwa mfalme', na kwamba Zaburi hizi ziliimbwa katika sherehe ya kila mwaka ya kumtawaza Mungu. Waliompinga waliuliza: Mungu aliondoka lini kwenye kiti chake hata atawazwe upya? Kwao, maana ni 'yeye ndiye mfalme'.

Kiswahili hakilazimiki kuchagua upande. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika, lakini pia huonyesha hali inayotokana na tendo hilo. Tunaposema 'ameketi', 'amesimama' au 'amelala', hatusimulii tu jambo lililotendeka. Tunaeleza mtu alivyo sasa hivi. Vivyo hivyo, 'ametamalaki' ni kusema ameshika enzi na bado ameishika. Biblia ya Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, imeweka 'anatawala'. Neno hilo ni jepesi na mtoto hulielewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo limepoteza tukio. 'Anatawala' ni taarifa juu ya jambo linaloendelea. 'Ametamalaki' ni habari, na habari ndiyo inayoamsha shangwe. Aidha, 'tawala' limezoeleka mno katika siasa zetu, kiasi kwamba msikilizaji huweza kumwona Mungu kama kiongozi mmoja zaidi katika orodha ya viongozi.

Hukumu kama sababu ya furaha

Zaburi ya 96 na ya 98 huhitimishwa kwa namna inayomshangaza msomaji wa leo. Mbingu, nchi, bahari, mashamba na miti vinaagizwa kufurahi, na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu anakuja kuhukumu. Ni nani afurahiaye hukumu? Katika Kiswahili cha mazoea, 'kuhukumiwa' ni kupatikana na hatia na kupewa adhabu. Mhubiri akilichukua neno hilo kwa maana hiyo pekee, atawatisha waumini kwa Zaburi iliyokusudiwa kuwachangamsha.

Maana ya 'hukumu', hata hivyo, ni pana zaidi. Asili yake ya Kiarabu ni mzizi uliotupa pia hakimu na hekima, na katika Kiswahili cha zamani 'hukumu' lilimaanisha vilevile mamlaka na utawala. Kitenzi cha Kiebrania kinachohusika nacho kinahusu kuamua mashauri na kuweka mambo sawa, ndiyo maana viongozi wa Israeli kabla ya kuwapo wafalme waliitwa 'waamuzi'. Kuhukumu, kwa maana hiyo, ni kumrudishia aliyedhulumiwa kilicho chake. Zaburi hizi zinaliambatanisha neno hilo na maneno 'haki' na 'adili' ili lisieleweke vibaya.

Mkazi wa mpakani anaijua tofauti hiyo vizuri. Anayeishi kwa kuvusha nafaka, nguo au samaki Malaba na Busia hukutana kila mara na watu wenye uwezo wa kuamua: mzigo huu upite au uzuiwe, ushuru uwe kiasi gani, karatasi hizi zinatosha au hazitoshi. Kwake yeye, mwamuzi asiyepokea mlungula ni neema. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba anakuja mwamuzi wa adili kwa mataifa yote, haoni kitisho. Anaona mzigo wake ukipita.

Sarufi ya shangwe

Furaha ya Zaburi hizi haielezwi kama hisia ya mtu binafsi. Nafsineni hasemi sana kwamba amefurahi, anawaagiza wengine. Kwa wanadamu anatumia hali ya kuamuru katika wingi: imbeni, pigeni, semeni. Kwa viumbe visivyo na masikio anatumia dhamira tegemezi: ishangilie, zifurahi, ivume. Kwa hivyo kuna ngazi mbili za mwaliko, na mwisho wake hakuna kinachobaki nje ya kwaya. Tashihisi ya mito inayopiga makofi katika Zaburi ya 98 ni kilele cha mwaliko huo.

Usambamba, yaani mshororo wa pili kurudia au kupanua wazo la mshororo wa kwanza, hufanya hapa kazi ambayo vina na mizani hufanya katika shairi la kimapokeo. Ndio unaowawezesha waumini kuitikia: upande mmoja hutoa, upande wa pili hupokea. Nyimbo za jadi za kupokezana hufuata mkondo huo huo, na ndiyo maana Zaburi hizi huingia kwa urahisi katika ngoma na kayamba.

Furaha hii vilevile si ya watu waliosahau shida. Zaburi ya 93 inazungumza juu ya mafuriko yanayopaza sauti, kisha inamweka Mungu juu ya ngurumo hiyo. Katika Kaunti hiyo hiyo ya Busia, wakazi wa Budalang'i wamefukuzwa makwao mara nyingi na maji ya mto Nzoia, ikiwa ni pamoja na mwaka 2020. Zaburi haiwaambii kwamba maji hayana nguvu. Inawaambia kwamba hayana enzi.

Wasio na mfalme wamsifu Mfalme

Waiteso, wenyeji wengi wa Kocholia, hawakuwa na wafalme. Madaraka yalikuwa ya koo na wazee wake, tofauti na jirani zao Wawanga waliokuwa na Nabongo. Mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, Waiteso walijikuta pande mbili za mpaka. Cheo cha Emorimor, kiongozi wa kitamaduni wa Waiteso, ni cha karibuni. Augustine Osuban alitawazwa mwaka 2000 upande wa Uganda.

Je, jamii ya namna hiyo inaisikiaje lugha ya kiti cha enzi? Mtu angeweza kudai kwamba ni lugha ya kigeni, iliyobebwa kutoka Yerusalemu hadi Unguja na kutoka Unguja hadi bara. Sisi tunaona kinyume. Asiyekuwa na mfalme wa kibinadamu hana sura ya mtu ya kuiweka mahali pa Mungu. Fasihi ya pwani yenyewe inatoa funzo linalokaribiana na hilo: katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaionyesha fahari ya mabwana wa Pate ikigeuka magofu. Milki za watu huporomoka. Ya Zaburi imesimama. Muumini anayemwita Mungu Edeke nyumbani, kisha akasema 'ametamalaki' kanisani pamoja na Mbukusu, Mkhayo na dereva wa lori aliyetoka Mombasa, anakubali utawala usiohitaji kabila wala pasipoti.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba furaha ya Zaburi za utawala ina sababu, na kwamba sababu hiyo imehifadhiwa katika maneno. 'Tamalaki' linatangaza kwamba enzi imeshikwa na haijaachwa. 'Hukumu' linaeleza kwamba aliyeishika ataweka mambo sawa. Hatupendekezi tafsiri mpya zitupwe, kwa maana zimewafikia wengi. Tunachopendekeza ni kwamba maneno mazito yafafanuliwe badala ya kukimbiwa, na kwamba kazi hiyo isiachiwe wahubiri peke yao. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao ujuzi wa mofolojia, semantiki na ushairi unaohitajika. Muumini wa Kocholia anastahili kujua ni kwa nini anapiga vigelegele.