Mchanga Ndio Unaoila Kingpini

Inua gurudumu la mbele la pikapu kuukuu, shika tairi juu na chini, lisukume kisha livute. Likicheza, usikimbilie maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwanza. Mwombe mtu akanyage breki, ujaribu tena. Uchezaji ukipotea, beringi za gurudumu ndizo zilizokwisha, kwa kuwa breki imelikaza gurudumu na stabu vikawa kitu kimoja. Uchezaji ukibaki palepale, ni kingpini. Jaribio hili halina gharama, na lingewaokoa wengi wanaobadilishiwa beringi huku ugonjwa ukiwa kwingine.

Kingpini ni pini nene ya chuma, ya kipenyo cha milimita 25 hivi kwenye magari madogo ya mizigo. Imepita kwenye ncha ya ekseli ya mbele, na stabu inayobeba gurudumu huizunguka dereva anapokata kona. Pikapu nyingi za siku hizi zina boljointi badala yake, lakini Canter za zamani bado zinayo. Landrova 109 na Land Cruiser za ekseli nzima zina ndugu yake: pini mbili fupi, moja juu na moja chini, kwa sababu katikati hupita shafti ya kuzungusha gurudumu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko injini ya petroli. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili London hataza ya ubunifu wa Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, ambapo kila gurudumu la mbele hugeuka kwenye pini yake badala ya ekseli yote kugeuka.

Ukiitazama kwa mbele, kingpini haijasimama wima. Kichwa chake kimelala kidogo kuelekea ndani, na mara nyingi kidogo kuelekea nyuma. Lango lililofungwa kwenye nguzo iliyoinama hujirudisha lenyewe, kwa sababu kulifungua ni kulipandisha. Ndivyo ilivyo hapa: ukikata kona, pua ya gari hunyanyuka kiasi usichokiona, na ukiachia usukani uzito wa gari huurudisha katikati. Bushi, yaani vipande vya shaba vilivyo ndani ya stabu ambamo pini hupita, zikilika, mlalo huo hauna tena uhakika. Gari huanza kutangatanga, tairi hulika upande mmoja, na ukifikia mwendo fulani usukani hutetemeka mikononi.

Wengi wanalaumu mzigo. Pikapu inayopandisha saruji kutoka Wazo kwenda Bunju inaonewa kweli, na hesabu yake si ngumu. Chukua bushi mbili zilizoachana sentimita 14, kitovu cha gurudumu kikiwa katikati yao, na tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 35. Tairi likigonga ukingo wa shimo kwa ubavu, bushi ya chini hupokea nguvu mara 3 ya ile iliyogonga, na ya juu mara 2. Kwa hiyo ya chini huwa na sababu ya kuchakaa kwanza, tena ndiyo iliyo karibu na tope. Hata hivyo, pini yenye grisi safi huvumilia mapigo hayo kwa miaka. Isichokivumilia ni mchanga.

Mchanga wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ina 7. Shaba nyeusi ya bushi iko karibu na 3. Mtu angetegemea bushi laini iliwe na pini ngumu ibaki salama, na mwanzoni huwa hivyo. Lakini masika yakija, kati ya Machi na Mei, barabara za vumbi za Mbagala na Tegeta hugeuka madimbwi. Maji huosha grisi, sili iliyochoka hupitisha punje, na punje hizo hujizamisha kwenye shaba na kukaa humo. Kuanzia hapo bushi laini inakuwa msasa unaoikwangua pini, ingawa uso wa pini umekaushwa kwa moto ili uwe mgumu. Viwanda hutumia mbinu hiyohiyo kwa makusudi, vikipachika punje kali kwenye chuma laini ili kusawazisha chuma kigumu. Ndiyo maana kubadilisha bushi peke yake na kurudisha pini yenye mikwaruzo ni kutupa fedha.

Kazi ya kuitoa pini inafanyika nyumbani, mradi uwanja uwe salama. Kitako cha jeki cha sentimita 10 kwa 10 kikibeba kilo 600 kinaikandamiza ardhi kwa kilo 6 kila sentimita ya mraba, na mchanga wa Tandika haustahimili. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, mgandamizo ushuke chini ya nusu kilo. Kisha weka stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari.

Pini ndogo ya kufunga, yenye umbo la kabari, itoke kwanza, nayo hugongwa upande mwembamba. Ikigoma, lowanisha kwa mafuta ya kupenya usiku kucha. Wapo wanaochukua gesi na kuichoma ekseli hadi iwe nyekundu. Kazi huenda haraka, lakini chuma kilichofuliwa na kukaushwa kiwandani hupoteza nguvu yake pale kilipochomwa, na ekseli ya mbele si mahali pa kubahatisha.

Kuingiza bushi mpya kunarahisishwa na friza, hata lile la kuuzia barafu. Bushi ya shaba yenye kipenyo cha nje cha milimita 30, ikipozwa kutoka nyuzi joto 30 hadi 15 chini ya sifuri, husinyaa mikromita 24 hivi. Ni kidogo, lakini inaweza kutofautisha bushi inayoingia kwa presi na inayopasuka kwa nyundo. Ifute haraka, kwani hewa ya pwani huilowesha papo hapo. Hakikisha tundu lake linatazamana na nipo ya grisi. Likikosea, grisi haitafika kamwe.

Hapo ndipo uwanja wa nyumbani unapoishia. Bushi ikishabanwa, tundu lake la ndani hupungua, na bushi zote mbili lazima zikwanguliwe kwa mstari mmoja hadi pini ipite kwa nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Jicho halipimi hivyo. Ipeleke stabu pamoja na pini mpya kwa mkerezaji mwenye rima.

Ukiirudisha, punguza uchezaji wa juu na chini kwa shimu, kisha pampu grisi gurudumu likiwa hewani mpaka itoke safi. Rudia kila gari linapopita kwenye maji ya mafuriko, bila kungoja ratiba. Na kabla ya kupakia mfuko wa kwanza wa saruji, kapime mlingano wa magurudumu.