Vimeng'enya Virudufishavyo DNA: Tatizo la Kuvitaja

Miongoni mwa istilahi za baiolojia zilizokwisha kuzoeleka shuleni ni kimeng'enya. Neno hili lina asili moja na mmeng'enyo wa chakula, na kwa habari za mate na matumbo linafaa sana, kwani humo vimeng'enya huvunjavunja chakula. Lakini mwaka 1956 Arthur Kornberg na wenzake, huko Marekani, walitambua katika bakteria kimeng'enya kisichovunja bali kijengacho: huunga vijenzi vidogo vidogo kuwa uzi wa DNA, kwa kufuata uzi uliopo. Mwanafunzi aliyeshika maana ya asili hatalaumiwa akidhani kwamba DNA inameng'enywa.

Hatusemi neno hilo liachwe. Limekwisha kuota mizizi. Tunasema kwamba kila kimeng'enya kitajwe pamoja na kazi yake. Hiki tunapendelea kukiita kimeng'enya kirudufishi, na jina la polimerasi litumike pale aina zake zinapotofautishwa. Kitenzi kunukuu tukiwekee akiba kwa kazi ya kuandika RNA kutokana na DNA.

Seli ya binadamu, kabla ya kugawanyika, hurudufisha jozi za besi zipatazo bilioni 6. Polimerasi alfa huanzisha uzi; delta na epsiloni huuendeleza, huku zikisahihisha makosa yao. Beta hushiriki katika ukarabati, na gama hufanya kazi ndani ya mitokondria.

Akiingia mgeni, mambo hubadilika. Kirusi cha hepesi simpleksi (msomaji asidhani tunataja lugha ya Moscow, ingawa tahajia haimsaidii) huja na maagizo ya kutengeneza polimerasi yake mwenyewe. Hapo ndipo dawa ya asikloviri hupata shabaha. Haina nguvu mpaka itiwe fosfeti ya kwanza, na kazi hiyo hufanywa hasa na kimeng'enya kingine cha kirusi. Vimeng'enya vya seli huongeza fosfeti mbili, kisha polimerasi ya kirusi huipokea kama kijenzi halali, na uzi hukomea hapo. Seli isiyoambukizwa husalimika kwa sehemu kubwa. Basi karatasi ya maelezo ikisema tu kwamba dawa "huzuia urudufishaji wa DNA", mgonjwa ana haki ya kuogopa kuimeza, kwa kuwa hakuambiwa ni DNA ya nani. Neno moja, "ya kirusi", lingetosha.

Virusi vya UKIMWI vina tatizo jingine la istilahi. Urithi wao ni RNA, na kimeng'enya chao huandika DNA kutokana nayo. Kimeng'enya cha namna hiyo kilitangazwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa utafiti wake, kutoka katika virusi vya wanyama. Kukiita cha "unukuzi kinyume" ni kufupi, lakini kinyume huweza kueleweka kuwa ni kosa, kama katika kinyume cha sheria. Tunaona afadhali "unukuzi wa kurudi nyuma", ijapokuwa ni refu. Ukosefu wake halisi ni mwingine: hakisahihishi kinachoandika, na ndiyo sababu mojawapo ya virusi hivyo kubadilika upesi na kuzizoea dawa.