Sosholojia si Siasa: Mlango Wake na Ufunguo Wake

Wazazi wengi huuliza swali hili matokeo ya mtihani yakisha kutoka: "Mtoto wangu ataweza kusoma nini chuo kikuu?" Swali lenyewe ni zuri, ila limechelewa. Mtoto amekwisha chagua masomo yake zamani, amelishika hili na kuliacha lile, na lililobaki ni kuhesabu alichovuna. Mwenye kutaka jahazi hamtafuti fundi siku ya kushua.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya elimu moja katika zile zinazosomwa vyuoni, nayo ni sosholojia, au kwa lugha yetu elimu ya jamii. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo elimu idharauliwayo sana na wasioijua, na kwa kuwa masharti ya kuingilia yako karibu na mtoto wa pwani kuliko watu wanavyodhani. Mimi mwenyewe sikuyatazama vizuri masharti hayo mpaka nilipofika Khwisero, huko Kakamega.

NILIYOYAKUTA KHWISERO

Nilikuwa nimekwenda Mumias kwa ajili ya arusi. Mumias si ugenini kabisa kwa mtu wa pwani. Misafara ya wafanyabiashara wetu ilipiga kambi huko zama za Nabongo Mumia, na Uislamu ukaota mizizi humo hata leo. Arusi ilipokwisha, mwalimu mmoja mstaafu alinichukua akanipeleka kwao Khwisero, kwa njia ya Butere. Hiyo ndiyo nchi ya Abashisa, tawi moja katika matawi ya Waluhya. Huko kuna soko liitwalo Khumusalaba, na masikio ya Mswahili hayahitaji mkalimani: ni msalaba ule ule, neno lililotoka Kiarabuni, likapita kwetu, na sasa limekaa kitako katika Kiluhya.

Jioni alikuja jirani, mzee mkulima, pamoja na binti yake. Binti alikuwa amepata C+ katika mtihani wa KCSE, naye ataka kusoma sosholojia. Baba hataki. Yeye amekwisha amua kuwa mtoto aende chuo cha ualimu, arudi afundishe karibu na nyumbani.

"Mwalimu," mzee alimwambia mwenyeji wangu, "hii sosholojia si ndiyo usoshalisti? Mimi nakumbuka miaka ile ya themanini, walimu wa chuo kikuu walifungwa kwa mambo ya vitabu. Nimuuze ng'ombe ili mtoto akafungwe?"

Tulicheka, lakini mzee hakucheka. Na kwa hakika hakuwa na sababu ya kucheka, maana aliyoyasema juu ya miaka ile yalitokea.

"Baba, si siasa," binti alijibu kwa sauti ya chini. "Mimi nataka kujua ni kwa nini pesa za miwa zilipokatika, vijana wa kiume walienda Nairobi na sisi wasichana wengine tukaolewa kabla ya kumaliza shule. Kila mtu hapa anasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inaingia kila boma?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu kwa madeni. Magazeti yaliandika habari za madeni hayo na za wakurugenzi wake. Habari za majumbani, nani aliacha shule na nani alihama, hazikuandikwa kwa kiasi hicho. Na hiyo ndiyo kazi ya sosholojia: kutazama jambo ambalo kila mtu amelibeba peke yake kama msiba wake, na kuonyesha kuwa ni la watu wengi na lina sababu zake.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Nilimweleza mzee kuwa jina la sosholojia ni la Kizungu. Lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Lakini jambo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Abdurrahman Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliandika kitabu chake Muqaddima mwaka 1377, na ndani yake akatangaza kuwa anaanzisha elimu mpya, elimu ya umran, yaani ya jinsi wanadamu wanavyokaa pamoja, wanavyotafuta riziki, wanavyoinuka na kuanguka. Neno lake kuu ni asabiya, ule mshikamano unaowafanya watu wa ukoo mmoja wasaidiane bila kuulizana.

Asabiya twaijua hata tusiposoma kitabu. Ndiyo inayowaleta watu mazishini bila kadi, na ndiyo inayochangia sufuria za arusi. Ibn Khaldun alikuwa kadhi wa madhehebu ya Malik, na Qur'ani aliisoma utotoni kama tulivyoisoma sisi chuoni. Basi mtoto wa madrasa asiambiwe kuwa elimu ya jamii ni ya watu wengine.

MASHARTI YENYEWE

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo mlango ulipo.

Katika Kenya, sharti la kwanza la digrii yoyote ni wastani wa C+ katika KCSE. C+ ni pointi 7 kati ya 12. Masomo yanayohesabiwa ni saba, jumla yake pointi 84, na mwenye kufikisha 46 amepata C+. Tangu matokeo ya mwaka 2023, wastani huo hufanywa kwa hisabati, lugha moja ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Zamani mtoto alilazimika kubeba Kiingereza na Kiswahili pamoja na sayansi mbili, zimfae zisimfae. Hivi sasa aliye hodari wa Kiswahili anaweza kusimama kwa Kiswahili.

Sharti la pili ni kundi la masomo manne ambayo KUCCPS, idara inayowagawa wanafunzi vyuoni, huyatazama kwa kila fani. Kwa fani za jamii, sosholojia ikiwamo, mpango ni huu. La kwanza ni Kiingereza au Kiswahili. La pili ni hisabati au somo lolote la sayansi. La tatu ni mojawapo ya historia, jiografia au dini. La nne laweza kuwa somo la pili katika hayo ya historia na dini, au sayansi nyingine, au somo la ufundi kama kilimo, au katika kundi la lugha za kigeni na biashara, ambamo Kiarabu kimo.

Hebu lisome tena. Kiswahili kimo. Elimu ya Dini ya Kiislamu imo, sawasawa na dini ya Kikristo. Historia imo. Kiarabu kimo. Masomo ambayo watoto wetu huambiwa kuwa ni ya kujazia ratiba, ndiyo yanayoufungua mlango huu. Lakini cheti cha madrasa peke yake hakimo katika hesabu. Kuhifadhi Qur'ani ni nuru ya mtu duniani na akhera, ila KUCCPS haina safu yake. Lazima mtoto alifanye somo la dini katika KCSE na alipatie alama. Na hisabati nayo haikwepeki, kwa kuwa huingia katika wastani wa kila mtahiniwa. Tena ndani ya sosholojia kuna takwimu, na asiyejua kuhesabu watu hawezi kuwaeleza.

Kufikisha C+ si kupata nafasi. Ni kuruhusiwa kuingia kwenye foleni. Nafasi hugawanywa kwa pointi za yale masomo manne zikichanganywa na jumla ya mtihani, na kiwango hubadilika kila mwaka kwa kadiri ya waombaji. Vyuo vingine huongeza sharti lao. Kwa hiyo orodha ya mwaka husika isomwe kabla fomu haijajazwa. Elimu hii hufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi na vingine vingi, na kwa mtu wa Khwisero kuna Maseno, ambako ni jirani. Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania na Zanzibar, mlango ni kidato cha sita: ufaulu mkuu katika masomo mawili, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Uganda nako hutakiwa ufaulu mkuu wa masomo mawili.

Mwalimu alichukua karatasi akaandika alama za binti mstari kwa mstari. Mzee alikuwa akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye somo la Kiswahili aliuliza, "Hata hii imehesabiwa?" Akaambiwa imehesabiwa, tena ni ya kwanza. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atalala nalo.

NA ALIYEKOSA?

Wako waliopata C au C–, na hao ndio wengi kuliko waliopata C+. Kwao kuna njia ya diploma, ambayo katika vyuo vya ufundi huanzia C–. Mtu akisoma diploma ya kazi za jamii na akafaulu vizuri, vyuo vikuu vingi humpokea kwa digrii baadaye. Njia ni ndefu, lakini ni njia.

Mfano wa hili tunao Mombasa. Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akawa karani katika chuo cha elimu ya Waislamu pale Mombasa. Siku ya Maulidi alitoa hotuba, Gavana Sir Philip Mitchell akaisikia, na ikawa sababu ya kijana yule kupata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata digrii Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia huko Marekani mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Na katika miaka hiyo hiyo ya sitini, Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ilimpokea akiwa mwalimu, kisha profesa wa elimu ya siasa. Alipofariki mwaka 2014 alizikwa kwao Mombasa, katika makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus.

Simtoi mfano huu ili watoto wadharau alama. Kwa Mazrui mmoja aliyesikiwa na gavana, wako wengi waliohutubia na asiwasikie mtu. Mfano huu wafundisha kuwa alama hupima mtihani wa siku ile, na haifai mzazi aifanye kuwa hukumu ya maisha.

NANI ATATUANDIKA?

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Günter Wagner alikaa miongoni mwa Waluhya, akatoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1949. Ilipofika mwaka 1967, Gideon Were, mwana wa Waluhya wenyewe, alitoa historia yao aliyoikusanya kwa wazee. Jomo Kenyatta aliwahi kufanya vivyo kwa Wakikuyu mwaka 1938, baada ya kusoma elimu ya mila London chini ya Malinowski.

Na sisi? Mholanzi Prins alituandika mwaka 1961. Mmisri Abdul Hamid el-Zein akaiandika dini ya watu wa Lamu mwaka 1974. Mwingereza John Middleton akatoa kitabu juu ya Waswahili mwaka 1992. Walifanya kazi ya kushukuriwa, nami siwalaumu. Lakini mgeni huona anachoonyeshwa. Yako mambo ya ndani, ya mirathi, ya talaka, ya ardhi isiyo na hati, ya vijana waliomezwa na unga, ambayo mwanamke wa Mtaa wa Kale au Siyu atamweleza binti yake wala hatamweleza mtu mwenye kinasa sauti aliyeshuka jana. Binti huyo akiwa amesoma njia za utafiti, atayaandika kwa adabu na kwa hesabu, na mpangaji wa serikali hataweza kusema kuwa ni porojo za barazani.

Sasa Kenya inabadilisha mfumo. Mtihani wa KCSE unakwenda ukingoni, na sekondari ya juu ya mfumo mpya ina njia tatu, mojawapo ikiwa ni ya sayansi za jamii. Yaani uamuzi utafanywa mapema zaidi, mtoto akiwa bado mdogo. Basi mzazi wa Kisauni, wa Malindi, wa Vanga, amwulize mtoto wake mwaka huu huu, kabla ya karatasi ya kuchagua masomo haijarudishwa shuleni: umeandika Kiswahili na dini kwa kuwa ni rahisi, au kwa kuwa unajua vinakokupeleka? Na hisabati wamwendea nani akufunze?

Maswali hayo mawili hayana ada. Yaulizwe nyumbani, leo.