Pikapu ya mzigo: usiamini sekunde za muuzaji

Wafanyabiashara wa ndizi na mahindi wa Shirimatunda wanaotafuta pikapu iliyotumika husikia maneno yale yale: gari hili linavuta, sekunde 6 tu liko 50. Pesa inayolipwa hapo ni mamilioni ya shilingi, mara nyingi ya mkopo. Je, sekunde hizo zilipimwaje?

Kwenye njia maalumu za mashindano ya Marekani, ambako gari hupimwa kwa mita 402, miale ya taa ndiyo huwasha saa. Njia ni tambarare, na saa haianzi mpaka tairi la mbele litoke kwenye mwale, yaani baada ya gari kusogea kama sentimita 30. Kwa pikapu nzito hatua hiyo pekee inaweza kula nusu sekunde, ambayo haihesabiwi.

Barabarani mambo ni mengine. Mshale wa dashibodi kwa kawaida husoma zaidi ya mwendo halisi; kanuni za Umoja wa Mataifa zinakataza usisome chini yake. Simu inayotumia setilaiti ni afadhali, ila nyingi husoma mara moja tu kwa sekunde, na gari lililo kwenye kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika sekunde hiyo. Vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo husoma mara 10 au zaidi.

Lakini kwetu Moshi mdanganyifu mkubwa ni mteremko. Ardhi yote inashuka kutoka mlimani kwenda kusini. Mteremko wa mita 3 kwa kila mita 100 macho hayauoni vizuri, ila gari la sekunde 6 kwenye tambarare litatumia kama 5.3 likishuka na karibu 6.9 likipanda. Muuzaji anajua aelekee wapi!

Kwa hiyo pima kwenda na kurudi, kipande kile kile, mara tatu kila upande, kisha chukua wastani. Chagua barabara isiyo na watu, na usivuke kilometa 50 maeneo ya makazi. Magari mawili yapimwe kwa simu ile ile, siku ile ile. Takwimu za Dar es Salaam ziache huko huko, kwani injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Na mwombe muuzaji akubali magunia kumi nyuma. Akikataa, tafuta pikapu nyingine.